Komando na Saa zake Kumi na Moja

Jina la Schwarzenegger tulilijua tangu utoto, maana kila kijana mwenye misuli mtaani kwetu aliitwa hivyo. Sinema yake lakini hatukuwa tumeitazama hata moja. Kule seminarini sinema zilichaguliwa na wakubwa, na mtu huyo hakuchaguliwa kamwe.

Mwezi huu mpwa wetu ameileta ile iitwayo Commando. Ilitoka Marekani mwaka wa 1985, kazi ya Mark L. Lester, nayo yadumu kama saa moja na nusu. Habari yake ni nyepesi kama kikapu kitupu. John Matrix, askari aliyeacha vita, anakaa mlimani na binti yake Jenny. Watu wabaya wanamteka mtoto, ili baba akubali kwenda kumwua rais wa Val Verde (msiitafute katika ramani, nchi hiyo imebuniwa). Wanampandisha ndege, safari ya saa 11. Yeye anamwua mlinzi wake kitini kimya kimya, anateremka penye magurudumu ndege ikiwa inaruka, anaanguka katika kinamasi, anasimama, anaitazama saa yake. Muda wake wa kumwokoa mtoto ni huo tu. Jeraha hana.

Tulicheka, tusifiche. Tulicheka zaidi habari ya Sully, ambaye Matrix alimwahidi kumwua mwisho. Baadaye amemning'iniza kwa mguu mmoja juu ya genge, anamkumbusha ile ahadi, na kumwambia kwamba ilikuwa uongo. Cindy, mwanamke anayefuatana naye, anapouliza Sully yuko wapi, anajibu kwamba amemwachia. Neno hilo kwa Kiswahili lina utamu wake: kumwachia mtu ni kumfungulia aende zake, tena ni kumwondolea mkono aanguke.

Ndipo tukafika kisiwani, kwa maadui. Askari makumi wanampiga kwa bunduki za mashine mtu mpana kama mlango, asimamaye peupe, nao hawampati. Yeye akigeuka tu, wanaanguka kama maembe wakati wa upepo. Sisi tunaokaa huku Kivu risasi tunaijua kwa namna nyingine. Haimtambui shujaa, na mara nyingi humpata mama aliyekuwa anateka maji.

Kati yetu alikuwako mtoto wa jirani, aliyekuja mjini na mama yake wakikimbia vita. Huyo hakucheka. Akauliza:

— Mwalimu, wale waliolala pale, nani atawazika?

Mpwa wetu akamweleza kwamba damu ile ni rangi, na kwamba wafu wote waliamka wakanawa, wakaenda kula. Mtoto akakubali kwa adabu, akauliza tena kama nao wana watoto nyumbani. Hakuna aliyemjibu. Katika sinema yenyewe Jemadari Kirby anafika mambo yakiisha kutimia, anauliza kimebaki nini, naye Matrix anajibu kwamba ni maiti tu. Hapo watazamaji hutakiwa kucheka, nasi tukanyamaza.

Hata hivyo hatutaitupa jalalani. Baba huyu haui kwa ajili ya cheo wala dhahabu. Jemadari anapomwomba arudi jeshini, anakataa, anampakia binti yake katika ndege na kuondoka. Vijana wetu hupenda kuiga namna ya kushika bunduki, wakaisahau sehemu hiyo ya kukataa, ambayo ni fupi mno, haifikii dakika mbili. Mtengenezaji angaliirefusha kidogo na kupunguza mizinga, tusingalimlaumu.

Mpwa wetu asema iko nyingine, Predator ya mwaka wa 1987, mtu ni yule yule, sasa yumo msituni. Tutaitazama, ila mtoto wa jirani akiisha kulala.