Nilivyoua furu sita kwa siku nne

Wadau, leo naweka pembeni habari za dhahabu, wizi wa ng'ombe na mpaka wa Sirari. Leo naungama.

Nilitaka tangi la samaki. Chumba changu hapa Tarime ni kidogo, nikamwambia fundi vioo anitengenezee la kusimama: upana sentimita 30 kila upande, kwenda juu 60. Jamani, lilipendeza! Jioni ile ile nikalijaza maji ya bomba, na kulipokucha nikatia furu sita niliopewa na kijana mvuvi upande wa Rorya. Siku ya pili wote walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji, wanatweta. Nikadhani wana njaa, nikawaongezea chakula. Siku ya nne nikamfukia wa mwisho.

Ilibidi nisome ndipo nikajua kosa langu. Kwa kweli yalikuwa mengi.

La kwanza ni umbo. Tangi lile linabeba lita 54. Ukililaza, lita ni zile zile, lakini uso wa maji unaotoka sentimita za mraba 900 unakuwa 1,800, na oksijeni huingilia hapo juu. Kwa hiyo tangi refu linaonekana kubwa, lakini samaki wake lazima wawe wachache, na pampu ya hewa isukume mapovu kutoka chini kabisa ili maji yazunguke. Halafu vioo vya chini hubanwa zaidi kadiri maji yanavyokuwa marefu, kwa hiyo usikubali vioo vyembamba vya dirisha. Maji peke yake ni kilo 54. Meza iwe ya mbao ngumu.

La pili ni haraka. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua kama wiki nne mpaka sita kukaa sawasawa. Kwenye tangi langu hawakuwepo. Mimi kwa huruma yangu nikazidi kutupia chakula, yaani nikazidi kutia sumu.

Safari ya pili nilifuga maji kwanza. Maji ya bomba niliyaacha siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini iondoke. Mchanga wa mto sikuchukua, maana huku kwetu wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Nilinunua kokoto na kuziosha mpaka maji yakatoka meupe. Nikafunga sponji ya kuchuja na hita ya kushika nyuzi 25, kwa sababu usiku wa Tarime unauma. Kila siku nikadondosha punje chache za chakula kwenye tangi tupu. Majirani walicheka sana! Baada ya wiki sita nikatia gapi madume watatu walioagizwa Mwanza, baadaye wengine watatu. Kila wiki nabadilisha robo ya maji, na sponji naisuuza kwenye maji ya tangi lenyewe ili nisiue wale bakteria. Umeme ukikatika, nachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, tena na tena.

Lakini furu wale bado wananiuma. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zao zinazokadiriwa kufika 500. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 furu wengi walitoweka. Mbolea na uchafu kutoka nchi kavu vikalisha mwani, maji ya kina yakakosa oksijeni. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa maji yakichafuka majike hawaoni vizuri rangi za madume, aina zikachanganyika. Mmoja wa furu hao wenye rangi aliitwa Haplochromis nyererei mwaka 1985. Ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu, mtoto wa Butiama, mkoa wetu huu huu wa Mara! Dume ana mgongo mwekundu. Leo wazungu wanamfuga kwenye matangi ya Ulaya, na mimi niliyezaliwa huku nilimjua kwa kusoma.

Kina kikubwa, hewa kidogo, chakula kupita kiasi. Nilichofanya chumbani kwa siku nne, sisi sote tumelifanyia ziwa kwa miaka. Tofauti ni kwamba tangi nililimwaga nikaanza upya.

Kwa hiyo ukianza, anza na maji. Na ukichoka kufuga, tafadhali mpe mtu mwingine samaki wako. Usiwamwage Mto Mara. Sangara naye alianza kwa kumwagwa.