Swali la safu lililoniaibisha

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo niwasimulie swali lililonitoa jasho kwenye mahojiano ya kazi hapa Nairobi. Jina la kampuni tuliache.

Swali lenyewe ni la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Umepewa safu ya namba, tafuta nafasi ambayo jumla ya zilizo kushoto kwake ni sawa na jumla ya zilizo kulia. Mfano 2, 4, 1, 3, 3: jibu ni pale penye 1, kwa sababu kila upande una 6.

Nikaandika haraka haraka: kwa kila nafasi, jumlisha kushoto upya, jumlisha kulia upya, linganisha. Ikafanya kazi. Dada aliyekuwa akinihoji akauliza, "Na namba zikiwa 100,000?" Pigeni hesabu wenyewe: karibu bilioni 10 za kujumlisha. Digrii ninayo, mshahara wa kuandika programu nimeula miaka mitano, na bado nilibaki nikiukodolea ubao macho.

Jibu lilinijia kwenye matatu. Nililipa nauli kwa M-Pesa, ujumbe ukaingia na salio jipya. Salio, jamani! Nani hujumlisha malipo yote tangu asajili laini ndiyo ajue amebaki na ngapi? Unachukua salio la mwisho, unatoa nauli, basi.

Kwa hivyo pitia safu mara moja upate jumla yote, hapa 13. Anza na kushoto ikiwa 0. Kwenye kila nafasi, kulia ni jumla yote, toa kushoto, toa namba ya hapo ulipo. Zikilingana umefika. Zisipolingana, ongeza namba hiyo kwenye kushoto, usonge mbele. Ukifika penye 1, kushoto ni 6, na 13 toa 6 toa 1 ni 6. Safu ya 100,000 unaipitia mara mbili tu.

Angalieni mpangilio. Nyumbani niliongeza kabla ya kulinganisha, programu ikaniambia hakuna jibu, nusu saa ikaenda hivyo. Pia msikatize mapema eti kushoto imezidi nusu. Namba hasi zaweza kuirudisha chini.

Usiku huo nilimtumia yule dada jibu kwa barua pepe. Akajibu mstari mmoja: "Vizuri, hasi umezikumbuka." Kazi walimpa mwingine.