Vidoti Vyekundu

Juzi Kayanga, stoo ikibomolewa, kijana mmoja alichomoa diski nne za seva kuukuu akazitupa kwenye ndoo. Kisha akaniuliza, "Mzee, hivi vidoti vyekundu ni vya nini?"

Ni rangi ya kucha. Niliinunua Omurushaka, kwa mama wa duka la vipodozi karibu na stendi. Nilimweleza kuwa wino wa kalamu unafutika kwa jasho la vidole. Akakipiga kichupa kwenye kiganja mara kadhaa, akapaka tone kwenye ukucha wa dole gumba, akalikwaruza na sarafu. Halikutoka. "Chukua hii," akasema. Hata leo nikinusa rangi ya kucha, naikumbuka ofisi ya kahawa nilikofanya kazi: kahawa ya maganda iliyoanikwa uani, moshi wa jenereta, vumbi jekundu la barabara kabla ya lami ya Kyaka–Bugene.

Vumbi ndilo lililotuponza. Nilidhani ilikuwa 2009. Daftari langu linasema 2008. Haidhuru. Nilizitoa diski nizifute vumbi, nikazirudisha bila kuangalia ipi ilitoka tundu lipi. Kontrola ya seva ile, kifaa kinachoziendesha diski, iliitambua diski kwa tundu lake. Nayo kila kumbukumbu ilikuwa imekatwa vipande, vikagawanywa kwenye diski zote nne. Ukibadilisha mpangilio, kilo za mkulima mmoja zinavunjika katikati. Seva ikakataa kuwaka. Kwenye kioo likaja swali: nianze upya? Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ningekibonyeza, yangefutika majina ya watu waliokuwa wamekaa nje kwenye magunia wakisubiri malipo. Mkulima asiyelipwa tulijua anakoishia: anauza butura, kahawa ikiwa bado ua mtini.

Diski nne zina mipangilio 24. Nilizima, nikabadilisha, nikawasha, nikaandika kwenye daftari, tena na tena, bila kuruhusu chochote kiandikwe juu ya diski. Giza lilishaingia orodha ilipotokea. Kesho yake nikaenda Omurushaka.

Kontrola tulizopata baadaye zilikuwa na akili zaidi: ramani inaandikwa kwenye diski zenyewe, ukichomeka tundu lolote zinajuana. Nilifurahi mno. Lakini ndipo watu walipoacha kuweka alama, wakaacha daftari, wakaacha hata nakala ya akiba, kana kwamba diski haifi. Inaniuma. Sasa ni simu na mawingu ya mtandaoni, na anayejua mashine ilipo hayupo.

Nikaziokota kwenye ndoo. Kidoti kimoja, viwili, vitatu, vinne, kila diski tundu lake. Nikawasha. Yule kijana akainama kusoma: Kaisho, Murongo, Mabira, zote bado chini ya Karagwe, maana Kyerwa, zilipo sasa, haikuwa wilaya hadi 2012. Akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha kidole kwenye mstari mmoja.

"Huyu ni babu yangu."

Nikamwambia avute kiti, tuanze kunakili.