Tunduma Isiyo na Kulungu

Sikuwahi kuvuka Mbeya kwenda magharibi, na kichwani nilikuwa na Horatio McCulloch, mchoraji wa Glasgow aliyezaliwa 1805 akafa 1867. Michoro yake iliwafanya wengi waipende milima ya Uskoti. Ule wa 1864 unaonyesha bonde la Glencoe: miamba, mawingu, kulungu wachache. Mtu hayumo. Ukikumbuka kwamba wakulima wengi wa nyanda zile walifukuzwa ili kondoo wapate malisho, utupu ule unaacha kupendeza.

Basi liliiacha Mbalizi, likapanda kuingia Mbozi, ambako kila mteremko una mkono wa mtu: mibuni, migomba, mahindi, nyumba za bati. Mlowo wachuuzi waliinua mabeseni hadi madirishani. Mama niliyekaa naye, mwenyeji wa Vwawa, aliniambia habari za kimondo cha Ndolezi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. "Mwanangu, ukirudi kwenu bila kukiona, utasema ulifika wapi?"

McCulloch angepachoraje hapa? Nadhani angengoja watu wapungue.

Waskoti wengine hawakungoja. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, alitembea kutoka Ziwa Nyasa hadi Tanganyika. Msafara wake uliongozwa na Chuma, mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani. Miaka miwili baadaye James Stevenson, tajiri wa Glasgow, alitoa fedha ili ikatwe barabara kati ya maziwa hayo. Kituo kimoja cha njia hiyo, upande ambao leo ni Zambia, kikaitwa Fife, kana kwamba Wanyamwanga walikuwa hawajapaita lolote.

Tunduma ilianza na malori kabla ya nyumba. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa 2019, lakini foleni ilikuwa ingali ndefu. Wabadilisha fedha walipita na mabunda ya kwacha, mawakala na makaratasi yao, bodaboda wakipenya katikati. Dereva mmoja mwenye mzigo wa Lubumbashi alikuwa akisonga ugali kando ya tela. Nilimwuliza, baada ya salamu, kama huwa anapata nafasi ya kutazama mandhari.

Akanyoosha mwiko mbele. "Mandhari yangu ni tela lile, kaka. Likisogea, nasogea."

Halikusogea. Akanitafutia ndoo ya kukalia, tukala.