Ruta iko Lamu, wewe uko Nairobi

Leo tuongee juu ya ruta, kile kisanduku chenye taa kinachopitisha mawasiliano kati ya ofisi na intaneti. Sisemi ile ya nyumbani ambayo ikikusumbua unaichomoa tu kwenye umeme. Nasema ile iliyo mbali, unayoiamuru kutoka kwenye tarakilishi yako kwa skripti.

Mmoja wa wateja wangu ana ofisi saba, na ya mbali kabisa iko Lamu. Kila moja ina ruta ya Cisco. Kubadilisha jambo moja kwa mkono kwenye zote saba kunachosha, na mtu aliyechoka huruka mstari. Kwa hiyo natumia Python pamoja na maktaba iitwayo Netmiko. Inaingia kwenye ruta kwa SSH, inaandika amri zile zile ambazo ningeziandika mimi, inatoka, inaenda ofisi inayofuata. (SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland. Kabla yake watu walitegemea Telnet, ambayo husafirisha nywila wazi wazi kama kadi ya posta. Ukikuta ruta bado inakubali Telnet, izime leo leo.)

Maelezo mengi huishia hapo: skripti imefanya kazi, watu wanapiga makofi. Mimi swali langu kabla ya kubonyeza Enter ni jingine. Je, amri yangu ikikata njia ile ile ninayopitia, nitarudi vipi? Kwenda Lamu kwa barabara ni basi mpaka Mokowe, kisha boti.

Chukua mfano wa orodha ya ruhusa, ile inayosema nani apite na nani azuiwe. Kwenye Cisco, mwisho wa kila orodha kuna mstari usioonekana unaomkataa kila ambaye hakutajwa. Orodha ikiwa tupu, hazuiwi mtu. Lakini mstari wa kwanza ukiingia tu, ule usioonekana nao unaanza kazi. Kama orodha imeshawekwa kwenye mlango unaoingilia, na mstari huo wa kwanza haukutaji wewe, umefungiwa nje kabla mstari wa pili haujafika. Skripti haina kosa hata la herufi moja, na bado imekwama katikati ya kazi.

Bahati nzuri ruta hizi zina kumbukumbu mbili. Mipangilio inayotumika sasa hukaa kwenye ile inayofutika umeme ukikatika. Iliyohifadhiwa hukaa kwenye ile isiyofutika. Badiliko linaanza kazi papo hapo, lakini halihifadhiwi mpaka uagize. Basi amri ya kwanza ya skripti yangu, kabla haijagusa chochote, ni hii:

reload in 10

Yaani: baada ya dakika 10, jizime ujiwashe. Nikifungiwa nje, nasubiri tu, ruta inaamka na mipangilio yake ya zamani. Mambo yakiwa sawa, natuma reload cancel, halafu write memory. Angalieni huo mpangilio. Ukibadilisha kwanza ndipo uagize ijiwashe upya, ruta itakuuliza kama ihifadhi mabadiliko, na skripti iliyozoeshwa kujibu "yes" kwa kila swali itahifadhi balaa lenyewe!

Na tutajuaje kwamba mambo yako sawa? Si kwa kuona muunganisho wako bado uko hai. Ukibadilisha orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwa SSH, aliyekwisha kuingia haguswi, ila akitoka harudi. Kwa hiyo skripti hutoka kabisa, hubisha hodi upya, na ikifunguliwa ndipo inafuta ile saa. Wenye ruta za Juniper wana commit confirmed kwa kazi ya namna hii, na MikroTik ina Safe Mode.

Msidhani haya ni ya ofisi ndogo peke yake. Mnakumbuka WhatsApp, Facebook na Instagram zilipopotea tarehe 4 Oktoba 2021? Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao unaounganisha vituo vyao vya data duniani. Programu iliyopaswa kuizuia amri kama hiyo ilikuwa na kasoro. Ikabidi wahandisi waende vituoni kwa miguu yao, na zikapita kama saa sita. Kampuni tajiri namna ile!

Mimi huanza na ofisi iliyo karibu nami, Lamu huwa ya mwisho, tena saa za kazi na si usiku, kwa sababu nataka pawe na mtu karibu na kisanduku. Nampigia mzee anayelinda pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ni ile ya kuchomoa?"

"Ndiyo mzee, lakini usichomoe mpaka nikupigie."

Kuchomoa pia hurudisha mipangilio ya zamani, mradi hujaihifadhi mipya.

La nywila nalo: msiziandike ndani ya skripti. Yangu huniuliza kila ninapoianzisha, na ofisi saba si nyingi kiasi cha kunishinda kuandika.