Uliza ni homa ya ini ipi: barua kwa mpwa wangu

Mpanda, Katavi

Mpwa wangu Deo,

 

Mama yako kanieleza kuwa ulikwenda kuchangia damu, ukaambiwa una homa ya ini, na sasa unakunywa mizizi ya jirani. Iache leo. Ini ndilo linalochuja unachomeza, na dawa isiyo na kipimo huweza kuliumiza kuliko virusi vyenyewe.

Kisha uliza ni homa ya ini ipi. Ini huharibika polepole kwa gongo, kwa kichocho cha tumbo, na kwa virusi. Vinavyoweza kukaa mwilini miaka mingi ni hasa B na C. Karatasi yako ikisema HBsAg, hiyo ni B. Ikiendelea kuonekana baada ya miezi sita, ndipo huitwa sugu.

Usimtuhumu mchumba wako. Wewe ulizaliwa 1998, na chanjo ya B iliingia katika chanjo za watoto wetu mwaka 2002. Wengi wa rika lako waliambukizwa utotoni: kwa mama wakati wa kuzaliwa, kwa watoto wenzao, au kwa wembe mmoja uliochanja nyumba nzima. Mtoto mchanga akiambukizwa, tisa kati ya kumi hubaki na virusi. Kwa mtu mzima ni chini ya mmoja kati ya ishirini.

Umeniuliza jenotaipu ni nini. Virusi vya B vina koo zake, na ukoo ulioenea Afrika Mashariki ni A, hasa tawi la A1. Usiuchanganye na homa ya ini A, ile ya maji na chakula kichafu, ambayo haigeuki sugu. Tawi hili la A1 limehusishwa na saratani ya ini inayowapata watu wangali vijana, wengine ini likiwa halijasinyaa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ikiongezeka juu yake, hatari huzidi maradufu. Kwa hiyo karanga zilizoota ukungu usizichambue ukabakiza "nzuri kidogo" za kusaga. Tupa.

Kwa C, zamani jenotaipu ndiyo iliyoamua dawa. Siku hizi sofosbuvir pamoja na velpatasvir, kwa wiki 12, huponya karibu wagonjwa wote bila kujali ukoo. B bado haina dawa ya kuing'oa. Tenofovir huituliza, na si kila mwenye virusi huanzishiwa. Ndiyo maana nakuhimiza upime wingi wa virusi, kazi ya ini na VVU, upigwe na ultrasaundi, kabla hujasumbuka kutafuta herufi ya ukoo. Herufi haitabadili dawa yako. Majibu hayo yatabadili.

Mchumba wako na ndugu zako wapimwe. Asiye na virusi wala kinga achanjwe dozi tatu, na mpaka mchumba wako akamilishe, mtumie kondomu. Wembe na mswaki viwe vyako peke yako. Sahani na mkono wa salamu haviambukizi, kwa hiyo kula na watu.

Nauli ya kuja mjini nitakutumia Ijumaa. Njoo na ile karatasi ya damu, twende wote hospitali ya mkoa.

Mjomba wako