Hepesi Gani Sasa?

Watu wangu, leo hakuna vichekesho.

Posa ilishapelekwa, wazee wa pande zote mbili washakunywa chai, imebaki tarehe tu. Shangazi yake akasema vijana wapimwe kwanza. Sawa, sina shida. Tukatoka Madogo na bodaboda mbili, tukavuka daraja hadi Garissa, tukaingia maabara moja ya watu binafsi. Ukimwi hakuna, kaswende hakuna. Halafu kwa karatasi yangu, mstari wa mwisho: hepesi, IgM, ipo. Yule jamaa wa maabara akamwangalia mchumba wangu, akasema, "Hii ni ya zinaa."

Alirudi na bodaboda yake bila kuniaga.

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha. Kumbe hepesi ni mbili. Ya kwanza hukaa sana mdomoni, na wengi huipata utotoni kwa kubusiwa tu na watu wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo. Hao ni asilimia 64, bana! Mimi tangu nikiwa mdogo nikiugua malaria mdomo hupasuka, na mama husema homa inatoka. Aina ya pili ndiyo hasa ya zinaa.

Na IgM haitenganishi hizo mbili. Inayotenganisha ni IgG ya aina maalum, inayoangalia protini moja ya virusi, glaikoprotini G, ambayo kwa aina ya kwanza si sawa na ya pili. Hata hiyo si msahafu. Ukipima mapema, kabla ya wiki 12 hivi, inaweza kukosa kuona kitu. Na hapa kwetu Kenya, watafiti walipima damu ya wanaume Kisumu wakakuta kipimo kimoja kinachotumika sana kinasema "ipo" kwa watu ambao hawana. Majibu yaliyopita mpaka kidogo tu ndiyo yalisumbua zaidi.

Nikapima upya, sehemu nyingine, pesa ya tripodi ikaenda. Aina ya kwanza ipo. Ya pili hakuna.

Mtu wa kwanza kuambiwa angekuwa shangazi, lakini wallahi naona haya. Nimempigia picha ile karatasi mchumba, nikaituma WhatsApp jana baada ya Isha. Tiki ni za buluu. Bado hajajibu.